Mnyonge wa nani? Maneno tunayowaita watu walioachwa bila kinga

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, mnivumilie. Wiki jana kuna mdau aliniuliza: "Kwa nini kila mdahalo lazima mtu aseme wanyonge? Hao wanyonge ni kina nani hasa?" Nilidhani nitamjibu kwa sentensi mbili. Nikajikuta naandika hadi saa nane usiku.

Kanuni za ukurasa huu ni zilezile. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaka kutaja, una ukurasa wako.

Nianzie nyumbani, manake hili jambo kwangu halikuanza na siasa. Lilianza na Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma. Mwaka 2014 kulikuwa na baraza kijijini, watu wameketi chini ya mwembe, na kiongozi aliyekuwa anasimamia akasema: "Wazee wote wasiojiweza wasimame upande huu waandikwe." Kukhu alikuwa na miaka 73, goti moja limekataa kukunjika, na paa la jikoni likivuja. Hakuinuka. Mjomba akamnong'onezea, "Mama, simama, ni wewe wanaitwa." Akajibu kwa sauti, baraza zima likasikia: "Mimi najiweza. Nimezika mume, nimesomesha watoto sita kwa jembe. Nani amesema sijiwezi?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kukhu akarudi nyumbani na heshima yake yote, lakini bila kuandikwa. Mimi nilimkasirikia sana. Niliona amekataa pesa kwa sababu ya kiburi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Kukhu alikuwa amelisikia neno vizuri kuliko mimi. Aliambiwa asimame mbele ya majirani na kukiri kwamba yeye kama mtu amepungua. Angeulizwa kama paa linavuja, angesema ndiyo, linavuja.

Halafu 2018 ukaja mpango wa wazee uliobadilisha kigezo. Kabla ya hapo, fedha za wazee zilikuwa za kaya fukara: lazima mchujwe kijijini, mwonekane kwamba nyinyi ndio maskini zaidi ya maskini wenzenu. Mpango mpya wa Inua Jamii ukasema mtu yeyote aliyefika miaka 70 na hapokei pensheni ya serikali. Shilingi 2,000 kwa mwezi. Mjomba alipomwambia, "Mama, sasa wanaita waliofika sabini," Kukhu aliuliza tu kitambulisho chake kiko wapi. "Miaka ninayo," akasema.

Shida ilikuwa ileile na mwanamke alikuwa yuleyule, ila sasa ameitwa kwa jina lingine. Safari hii akaenda.

Ndiyo sababu siku hizi nikisikiliza mdahalo nasikiliza majina kwanza kabla ya ahadi. Na kuna kitu kimoja ninachokitafuta: je, neno hili linaniambia nani amemwacha huyu mtu wazi, au linaniambia tu kwamba yeye ni dhaifu? Hebu tupitie machache.

Tuanze na mnyonge lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku unyonge ni hali ya mwili na ya moyo. Mtu anaamka akiwa na homa, anasema leo najisikia mnyonge. Mtu amevunjwa moyo, unamwona ananyongea. Kwa hiyo tukiliita kundi zima la watu wanyonge, tunawaambia udhaifu uko ndani yao, kama vile ugonjwa ulivyo ndani ya mgonjwa.

Na methali zetu hazisaidii sana. Mnyonge hana haki. Mwenye nguvu mpishe. Wazee waliosema hivyo huenda walikuwa wanalalamika, wanaeleza dunia walivyoikuta, lakini jukwaani methali hizo huwa zinatumika kama sheria ya maumbile. Kuna ile nyingine ambayo nina hakika umeisikia kwenye mdahalo zaidi ya mara moja: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku hizi inatumika mtu akitaka kumsifu mpinzani wake kidogo kabla ya kumshambulia. Sikiliza tena maneno yenyewe lakini. Ruhusa ya kumnyonga imetolewa bila mjadala wowote. Kinachobaki kujadiliwa ni ile haki ya kupewa akiwa tayari ameshanyongwa!

Sisemi mtu asitumie methali. Nasema mgombea akisema "nitawatetea wanyonge," swali la kwanza la mwandishi wa habari lingekuwa: wamenyongeka vipi, na kwa uamuzi wa nani? Sijawahi kulisikia likiulizwa.

Kiswahili kinatupa chombo kizuri sana cha kupimia hili, na kipo ndani ya kitenzi. Linganisha: "nyumba zimebomoka" na "nyumba zimebomolewa." Ya kwanza ni kama zimeanguka zenyewe, labda kwa mvua. Ya pili ina mtu nyuma yake, hata kama hajatajwa. Unaweza kuuliza: zimebomolewa na nani? Ile ya kwanza haikupi nafasi ya kuuliza.

Ndiyo maana walimu wa Kiswahili na wahariri wengi hapa Kenya husisitiza mwathiriwa na si mwathirika. Wengine huona ni ubishi wa walimu. Mimi naona hapo kuna siasa nzima. Mwathirika amepatwa na jambo. Mwathiriwa amefanyiwa jambo.

Chukua Nairobi ya 2024. Aprili na Mei mafuriko yaliua watu, yakafagia nyumba kando ya mito. Kisha likaja agizo kwamba walio kandokando ya mito wahame, yakafuata matingatinga Mathare na Mukuru. Sasa mtu ambaye kibanda chake kilinusurika maji halafu kikaondolewa na tingatinga, huyo ni nani? Nilisikiliza mijadala ya redioni wiki hizo. Wote waliwekwa kwenye gunia moja: "waathirika wa mafuriko." Maji yakabeba lawama ya maji na lawama ya tingatinga pia. Huenda kuhamisha watu ukingoni ilikuwa lazima, hilo tunaweza kubishana, na nina marafiki wahandisi wanaosema ilikuwa lazima kabisa. Lakini hatuwezi hata kubishana kama neno limeshamwondoa mtendaji kwenye sentensi.

Hapo tunafika kwa neno linalonikera kuliko yote: skwota.

Skwota alitoka wapi? Lilitokea katika sheria za wakoloni. Mwaka 1918 kulikuwa na sheria iliyomruhusu Mwafrika kukaa kwenye shamba la mzungu kwa masharti ya kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mara nyingi ardhi hiyohiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa jamii yake au ya jirani yake. Huyo ndiye aliyeitwa skwota. Pwani nako kulikuwa na sheria ya hatimiliki ya 1908: kila mwenye dai la ardhi ajitokeze kulisajili. Wamijikenda, ambao waliimiliki ardhi kwa pamoja kama ukoo, madai yao hayakupata nafasi katika mfumo ule. Vizazi vikapita, na leo mtu ambaye babu wa babu yake amezikwa chini ya mbuyu ule pale anaitwa skwota kwenye kaburi la babu yake.

Angalia neno linavyofanya kazi. Linamgeuza aliyenyang'anywa kuwa mnyang'anyi. Mgombea akisema "tutawapa maskwota ardhi," anasikika kama mkarimu. Angesema "tutawarudishia watu ardhi," angelazimika kueleza ilichukuliwa na nani na iko mikononi mwa nani sasa. Ndiyo maana neno la kwanza linapendwa jukwaani.

Na msidhani sheria imelala tangu 1918. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kufurushwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilichobomolewa 2011, ilisema watu wasio na ardhi wakikaa kwenye ardhi ya umma na kujenga makazi hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi ambayo sheria inailinda. Kwa hiyo kisheria mtu huyo ana kitu mkononi. Jukwaani bado ni skwota anayesubiri huruma.

Kuna waliokuwa hata hawajafika kiwango cha kuitwa skwota. Wamakonde walikuja Kenya kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani. Watoto wao wakazaliwa Kwale, wakazaa, wajukuu wakazaa. Vitambulisho hawakuwa navyo. Bila kitambulisho hapa kwetu huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti ya benki, hupigi kura, na ukisimamishwa na askari usiku ujue una kesi. Waliitwa wageni kwa miaka zaidi ya 80. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Baada ya safari ile wakaanza kupewa vitambulisho, na baadaye wakatambuliwa rasmi kama kabila la 43. Kama ni msaada tu waliutaka, wangeweza kuuomba wakiwa Kwale. Walichokifuata Nairobi ni neno raia.

Sasa mahasla. Najua hapa ndipo mnaponisubiri na mawe mkononi.

Hasla lilikuwa neno la mtaani muda mrefu kabla ya kampeni za 2022 kulipandisha jukwaani. Na tuseme ukweli, lina uzuri wake. Halimwonei mtu huruma. Kukhu angelikubali hilo siku ileile ya mwembe: mimi najituma, najitafutia. Baada ya miaka mingi ya kuitwa watu wa chini na wananchi wa kawaida, watu walipenda kuitwa kwa jina lenye nguvu kidogo. Ninaelewa kabisa.

Ubaya wake ni kwamba linakubeba nusu ya safari. Hasla akifaulu ni bidii yake. Akianguka je? Mtu wa boda akivunjika mguu Jumanne, Jumatano hana mapato. Mama mboga akijifungua, likizo ya uzazi atapewa na nani? Neno hasla halina jibu, kwa sababu ndani yake hamna mwajiri, hamna serikali, hamna bima. Ni wewe na bidii yako. Kwa hiyo unaweza kuwasifu mahasla asubuhi, jioni ukapandisha ada ya leseni ya kibanda, na usione kama umejipinga.

Linganisha na jua kali. Neno hili mimi nalipenda mpaka leo. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, na ripoti yao ikaufanya ulimwengu uanze kuzungumzia sekta isiyo rasmi. Sisi tulikuwa na jina letu. Fundi anagonga bati Kamukunji toka asubuhi hadi jioni na jua linampiga utosini: jua kali. Jina linakuambia moja kwa moja kilichokosekana, yaani paa. Na kwa kuwa lilitaja kilichokosekana, mtu angeweza kudai: tujengewe vibanda. Miaka ya 1980 vibanda hivyo vikaanza kujengwa. Havikutosha, na vingine vilienda kwa watu ambao hawajawahi kushika nyundo, lakini dai lilikuwa na umbo. Leo zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi walioajiriwa nje ya kilimo kidogo wako huko juani. Tumewabadilishia jina kuwa mahasla, na lile swali la paa limepotelea katikati.

Huko mitaani kwenyewe watu wana neno lao la kueleza kukosa kinga, na halisikiki kwenye mdahalo wowote: hana mtu. "Kesi yake ilikufa, hana mtu." "Kazi aliikosa, si unajua hana mtu pale." Mtu hapa maana yake ni mtu ofisini, wa kupiga simu. Maneno mawili tu hayo, na yana nadharia nzima ya serikali ndani yake. Yanasema kwamba haki ipo, ila inapita mkononi mwa mtu, na mtu huyo si wako. Ni kama ule utani wa zamani wa wananchi na wenye nchi. Ningependa siku moja msimamizi wa mdahalo amwulize mgombea: "Yule asiye na mtu, kwako atahudumiwa vipi?" Afadhali mara mia kuliko swali la wanyonge.

Nitaje kwa ufupi maneno ya ulemavu, kwa sababu huku majukwaani ni aibu. Kiswahili cha zamani kiliweka kipofu, kiziwi, kiwete kwenye umbo la ki-vi, palepale na kiti na kijiko, ingawa kwenye sentensi tunasema kipofu anakuja. Wasomi hubishana kama umbo hilo lilikuwa la dharau tangu mwanzo au la. Mimi siingii kwenye ubishi huo, kwa sababu Katiba yetu imeshaumaliza. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na pia ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Yaani namna ya kuitwa ni haki ya kikatiba! Halafu mtu anasimama mbele ya kamera anasema "bunge hili ni kiwete," "wapinzani wangu ni vipofu na viziwi," na ukumbi unacheka. Kifungu hichohicho kinataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zishikwe na watu wenye ulemavu. Mgombea asiyeweza kuzungumza dakika tano bila kutumia miili yao kama matusi, sijui ataifikiaje hiyo asilimia 5.

Tukifungua Katiba tuendelee kidogo, manake huko ndiko lugha ilikoandikwa kwa makini kuliko jukwaani. Kifungu cha 21(3) kinaorodhesha makundi yaliyo katika hatari zaidi: wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, watoto, vijana, jamii ndogo au zilizotengwa, na watu wa kabila, dini au utamaduni fulani. Jumlisha hao wote uone wanaobaki nje ni wangapi. Wachache sana. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "makundi maalum" kwa ile sauti ya kuonea huruma watu fulani wachache huko pembeni, jua anazungumza kuhusu karibu nchi nzima, pamoja na mama yake.

Ila kilicho muhimu zaidi ni nani mhusika wa sentensi ile. Hakuna pahali inasema watu hao wajitokeze wasaidiwe. Inasema vyombo vyote vya serikali na maafisa wote wa umma wana wajibu wa kushughulikia mahitaji yao. Wajibu umewekwa mgongoni mwa afisa. Kifungu cha 43 nacho kinasema serikali itatoa hifadhi ya jamii inayofaa kwa watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Na ukienda mwisho kabisa, kifungu cha 260, kundi lililotengwa linaelezwa kuwa watu ambao, kwa sababu ya sheria au desturi, za kabla ya Katiba au za baadaye, wamewekwa chini kwa ubaguzi. Kwa sababu ya sheria au desturi. Hakuna neno kuhusu uvivu wao, wala ukame wao, wala utamaduni wao.

Ukame nimeutaja makusudi. Kwenye midahalo kaskazini mwa nchi huitwa "maeneo kame yaliyosahaulika." Yalisahaulika? Mwaka 1965 serikali ilichapisha Waraka wa Kikao Nambari 10, mpango wake wa uchumi. Uliandika wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta mazao makubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera hazikuwa na sifa hizo kwenye karatasi. Unaweza kusema ulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi changa isiyo na pesa. Unaweza kusema ulikuwa dhuluma. Kusema ulikuwa usahaulifu, hapo siwezi kukubali, kwa sababu kusahau ni kitu kinachompata mtu bila kukusudia, na huu ulipigwa chapa.

Katiba ililijua hilo ndiyo maana kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, ipeleke maji, barabara, vituo vya afya na umeme huko mpaka wafikie wenzao kadiri inavyowezekana. Mwanzoni kaunti zilizotambuliwa zilikuwa 14. Awamu ya pili wakaanza kuhesabu maeneo madogomadogo ndani ya kaunti, orodha ikagusa kaunti 34. Na hapa kuna tarehe ambayo ningependa muiandike mahali: hazina hiyo ilipewa miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika, yaani inafika kikomo 27 Agosti 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Mgombea yeyote wa 2027 anayetumia neno waliotengwa aulizwe kuhusu 2030. Kama hajui, basi neno lile ameliokota njiani akija ukumbini.

Jambo moja nililoligundua wakati naandika huu uzi, nililiruka mara mbili nikarudi. Angalia tunavyoligawa neno kinga. Rais ana kinga ya kutoshtakiwa kwa makosa ya jinai akiwa madarakani. Wabunge wana kinga kwa wanayoyasema bungeni. Ni sawa, kuna sababu zake. Kukhu akipata shilingi 2,000 kwa mwezi hiyo huitwa nini kwenye redio? Msaada. Nyingine eti "pesa za kurushiwa." Wote wawili wamepewa na sheria ya nchi, lakini hakuna anayesema Rais anarushiwa kinga.

Mdau mmoja alinionya kabla sijachapisha: "Maneno hayajazi tumbo, hata ukimwita mheshimiwa atalala njaa." Ni kweli, na sitaki nimjibu kwa ujanja. Shilingi 2,000 ni ndogo hata uziite jina gani, na kuna maskini mwenye miaka 62 ambaye kigezo cha umri kinamwacha nje kabisa, wakati tajiri wa 71 asiye na pensheni ya serikali yumo. Hilo ni tatizo halisi la kutumia umri badala ya umaskini, na wanaotetea mchujo wana hoja. Ninachoweza kumwambia ni nilichokiona kwetu. Kutoka 2014 hadi 2018 ni miaka minne. Kwa shilingi 2,000 kwa mwezi hiyo ni shilingi 96,000 ambazo mwanamke mmoja alizikosa kwa sababu ya neno moja lililosemwa chini ya mwembe. Paa la jikoni lilitengenezwa 2019.

Basi, mdahalo ujao ukianza, chukua kalamu. Kila ukisikia wanyonge, mahasla, maskwota, wasiojiweza, waliosahaulika, andika pembeni kama aliyesema alitaja nani alifanya nini na nani ana wajibu gani. Mimi nitafanya hivyo na nitaweka hesabu yangu hapa usiku uleule.

Na kama kwenu kuna neno nimeliacha, la Pwani, la Kaskazini, la Nyanza, liweke hapo chini na utueleze linavyotumika. Uzi wa wiki ijayo ni kuhusu neno fidia, na huko kuna mambo.